Aliyepelekwa Kibondo

Zuwena alichelewa kufika msibani na bado akanipita. Tangu asubuhi nilikuwa uani kwa marehemu Mzee Sudi, Kasulu, sinia la vitunguu mapajani, nikimenya pamoja na kina mama wa mtaa ambao wengi wao hawakunikumbuka. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na sauti ya mjane, Bi Hadija, ikasikika kutoka chumba cha ndani alikokalia eda. "Huyo ni Zuwena? Mleteni huku mwanangu." Mwanangu! Mimi nilipofika nilipewa pole, nikapewa kisu. Niliwatazama wakimpitisha na buibui lake la kung'aa, viatu vyake kaviacha mlangoni juu ya vyangu, na nikasikia kile kitu kikinipanda kifuani kama zamani. Nina mume sasa, nina duka langu la kompyuta Kigoma mjini, nina mvi ninazozificha chini ya kilemba, na nilikuwa nimekuja kumlilia mtu aliyenifundisha kazi. Lakini nilikuwa na wivu, palepale, na udongo wa kaburi haujakauka. Kitunguu nilichokuwa nacho mkononi nilikimenya mpaka kikabaki kidogo kama kitunguu saumu, na mama mmoja akaniuliza kama nina ugomvi nacho.

Habari za wazazi wangu na mahali nilipozaliwa nitaziacha, zina siku yake. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni 2015, na wote uliishi ndani ya chumba kimoja nyuma ya duka la Mzee Sudi, kati ya stoo ya maharage na jiko la Bi Hadija. Mbele dukani Mzee aliuza kanga, sabuni, betri na taa za sola. Yeye alizaliwa Ujiji, babu zake walitoka pwani, akapanda huku milimani akiwa kijana kununua maharage na hakushuka tena. Chumba chetu kilikuwa na meza mbili, kompyuta mbili, na dirisha moja lililotazama magunia. Vumbi la maharage liliingia kwenye vibodi vyetu, na harufu ya mawese yanayochemka ikatuambia saa ya chakula kabla hatujatazama saa. Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa mawese, na siku za Ijumaa, Mzee akirudi kutoka msikitini, migebuka iliyopanda na gari la asubuhi kutoka ziwani. Gunia moja halikuondoka kamwe pembeni ya meza yangu. Kila asubuhi Mzee alikuja na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akakaa juu ya gunia hilo, akaanza kunichokoza. Kwa nini tovuti ni nzito leo? Kwa nini wanasiasa wanasema hivi? Kwa nini wewe Domitila hucheki asubuhi? Nilimjibu, akanijibu, nikapandisha sauti, akacheka, chai ikaisha akaondoka. Zuwena upande wa pili alifanya kazi zake kwa amani, hakuna aliyemsumbua, na mimi niliona hata hilo ni upendeleo.

Mimi na Zuwena tulisoma chuo kimoja Mwanza, darasa moja, tukapata diploma siku moja. Alama zangu zilikuwa nzuri kuliko zake, na ninalisema hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa jirani, tukapokezana jiko la mkaa na ndoo ya maji. Alikuwa rafiki yangu, tena wa kweli. Ndiyo maana wivu wenyewe ulikuwa mchungu, kwa sababu mtu usiyempenda unaweza kumwonea wivu ukalala, lakini huyu alikuwa analala kitanda cha pili, na mimi nilimsikia akikoroma kidogo na nikaona hata kukoroma kwake watu wangekusifia. Kila mahali walimuulizia. Nikienda sokoni peke yangu: "Mwenzako yuko wapi?" Nikipanda bodaboda: "Yule dada mcheshi leo hayupo?" Jikoni kwa Bi Hadija nilisikia kupitia ukutani kicheko chao wawili, na nikiingia mimi kinapungua, si kwa ubaya, kinapungua tu kama moto uliowekewa sufuria kubwa. Nilijua kupika kuliko yeye. Hata hilo halikusaidia.

Kazi yetu ilikuwa hii. Mzee Sudi alikuwa amechoka kutuma lori vijijini likakuta wakulima hawana habari, au wameshauza kwa walanguzi. Akataka tovuti ya matangazo, lori linakwenda wapi, siku gani, linanunua nini. Tukaitengeneza. Kisha mwaka ule tukasikia kwamba kivinjari cha simu kimeanza kukubali kitu kipya, tovuti inaweza kupeleka arifa ikaruka juu ya kioo cha simu hata kama mtu ameifunga tovuti yenyewe na kusahau. Kwa wakulima wa Heru Juu na Nyakitonto, ambao simu ya tachi ilikuwa moja kwa kikundi kizima na bando la kuhesabia, hiyo ilikuwa neema. Mtu alikuja mara moja, akaandika namba yake, akabonyeza "Ruhusu," basi. Kampuni yenye kivinjari, huko ng'ambo, ilitupa herufi ndefu zisizosomeka ambazo sisi wa kazi hii tunaziita tokeni. Tokeni ndiyo inayojua mlango wa simu ile na si nyingine. Tuliihifadhi kwenye seva yetu pamoja na namba ya mwenyewe, na kila tukiwa na tangazo tunagonga mlango kwa tokeni ile. Mzee akatuita wote wawili, akasema akifungua ofisi Kibondo atampeleka mmoja wetu akaiendeshe, yeye mwenyewe bosi, na chumba cha kuishi juu yake. "Atakayenifanyia jambo hili likaaminika," alisema, "ndiye huyo." Niliitaka Kibondo ile. Sijui kama nimewahi kutaka kitu kama nilivyoitaka. Nilikuwa nimechoka kuwa mwenzake Zuwena, na Kibondo ningekuwa Domitila.

Tatizo la kwanza lililetwa na adabu. Siku zile arifa haikubeba maneno, ilikuwa hodi tu. Simu ikisikia hodi ndipo inakuja kwetu kuchukua maneno na kuyaonyesha kwenye kioo. Na kioo cha simu zile kilikuwa na nafasi ya mstari mmoja na kidogo. Mzee Sudi akakataa katakata tuingie kwenye simu za watu kama polisi. Waha, wenyeji wa huku, wakisalimiana wanapiga makofi, wanaulizana habari za nyumba, za watoto, za shamba, na haya yote kabla ya mtu kutaja shida iliyomleta. Kwa hiyo arifa yetu ya kwanza ilianza hivi: "Mwakeye ndugu zetu wapendwa, habari za asubuhi, poleni na kazi za shamba, tunatumaini mu wazima pamoja na familia..." na hapo kioo kikaisha. Wakulima walifurahi sana. Walisalimiwa, wakaitikia, wengine kwa sauti, wakarudisha simu mfukoni. Hakuna aliyejua kwamba nyuma ya salamu kulikuwa na lori.

"Mzee, tuweke lori mbele, salamu nyuma," nilimwambia asubuhi moja akiwa juu ya gunia lake.

"Weee Domitila! Unataka watu waseme Sudi hana malezi?"

"Watasema Sudi hana maharage."

Akacheka mpaka chai ikamwagika, lakini hakukubali. Wiki ileile Zuwena alipita dukani akiwa na andazi mdomoni, akamwambia, "Baba, salamu tuiweke neno moja tu, halafu lori," na Mzee akasema, "Haya mwanangu, fanya." Hivyo hivyo. Mimi nilikuwa chumbani nasikia yote kupitia mlango. Niliinuka nikaenda chooni kukaa tu, kwa sababu nilihisi nikibaki nitasema jambo. Arifa mpya ikawa "Mwakeye! Lori Heru Juu kesho asubuhi," na kila aliyekuja dukani alimpongeza Zuwena kwa maneno yake mafupi na mazuri.

Kisha akaja mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mkongomani, na sabuni aliyotaka kununua, na simu mkononi. Alijiita Mama Furaha. Bila shaka alimtaka Zuwena, na Zuwena alikuwa ameenda benki, kwa hiyo akanipata mimi.

"Dada Zuwena hayuko? Basi wewe. Hii telefone yangu iko inaniambia kila mara lori linakuya Heru Juu. Miye niko Nyarugusu. Lori letu liko wapi?"

Nikaitazama. Ilikuwa arifa yetu, imekaa kwenye kioo chake bila aibu. Aliinunua simu ile sokoni kambini kutoka kwa Mha mmoja aliyepata mpya, na pamoja na simu akawa amenunua na hodi zetu. Nikamwomba radhi, nikamwonyesha jinsi ya kujitoa. Akakataa. "Wacha, wacha. Ninapenda kujua maharage ya wenzangu inakwenda wapi." Nililiandika akilini kama kichekesho cha kumsimulia Zuwena jioni, na tulicheka sana juu ya jiko la mkaa, lakini kuna kitu pale nilikishika bila kujua nimekishika. Kama mlango umehama na mtu mwingine, yule wa zamani anagongewa wapi?

Jibu lilikuja na lori lenyewe. Msimu ulikuwa umekolea, Mzee akatuma lori Heru Juu, arifa ikaondoka, kompyuta ikatuandikia kwamba zote zimetumwa. Lori likakaa uwanjani asubuhi nzima. Walikuja watu wachache, wengine wakiwa wameliona tu kutoka mbali. Dereva alirudi na lori nusu tupu, akaliegesha mbele ya duka kwa kelele ambazo hazikuwa za lazima, na Mzee Sudi, ambaye sikuwahi kumsikia akifoka, alifoka. Hakutufokea sisi. Alifokea kompyuta, akisimama mbele yake na kofia yake mkononi. "Inasema imetuma! Imetuma kwa nani?" Halafu akatugeukia, akasema taratibu kwamba akikuta neno hili halina dawa ataizima tovuti na kurudi kwenye mambo ya kupeleka mtu na baiskeli, na Kibondo haitakuwepo kwa yeyote. Usiku ule Zuwena hakukoroma. Nadhani wote wawili tulilala tukitazama dari.

Mimi ndiye niliyekwenda Heru Juu. Zuwena alitaka kubaki asome maandishi ya wataalamu kwenye intaneti, na mimi, nitasema ukweli, sikutaka kukaa naye chumba kimoja aone jibu kabla yangu. Nilipanda bodaboda hadi kwa Mama Elizabeti, mama mnene wa maneno machache aliyeshika simu ya kikundi cha wanawake. Hiyo simu nilikuwa nimeiandikisha kwa mkono wangu. Alinikaribisha jikoni, akanipa kigoda, tukapigiana makofi ya salamu mpaka zikaisha kweli, akapakua maharage mabichi na viazi, tukala kutoka sahani moja huku moshi ukitupiga usoni. Sikuthubutu kuuliza kabla ya kunawa.

"Mama, juzi lori lilikuja. Mbona hamkuja?"

"Mwana wanje, tungejuaje? Zamani simu ilikuwa inatuambia. Siku hizi imenyamaza, tukadhani labda mmetuchoka."

"Simu ilipata shida?"

"Ego, ndiyo, ilikuwa nzito, inaganda. Tukaipeleka mjini kwa fundi, akaisafisha. Ikawa nyepesi kabisa!"

Nikamwomba simu. Kasulu nzima wakati ule, simu ikiwa nzito, dawa ilikuwa moja, kwa fundi apige flashi, afute kila kitu ili irudi kama ilivyotoka kiwandani. Watu walifanya hivyo kama wanavyopeleka viatu kushonwa. Na kila aliyesafishiwa simu alisafishiwa na tokeni yetu, mlango ukafungwa kimya. Lakini si hilo lililonishangaza. Nilifungua tovuti yetu mwenyewe kwenye simu ya Mama Elizabeti, nikaandika namba yake ili nimwandikishe upya, na tovuti ikamjibu: "Asante, umeshajiandikisha." Nikajaribu tena. Asante, umeshajiandikisha. Seva yetu ilikuwa imeshikilia tokeni yake ya zamani, iliyokufa, na kwa kuwa imeishikilia, haikuona sababu ya kumwomba nyingine. "Mimi pia ilinijibu hivyo," Mama Elizabeti alisema akikusanya sahani. "Nikasema basi, kama nimo, nitulie." Alikuwa ametulia, na kikundi kizima naye, wakisubiri hodi iliyokuwa inagongwa kwenye nyumba iliyovunjwa.

Nilirudi mjini nikiwa na furaha ambayo karibu inirushe kutoka kwenye pikipiki. Nililiona jibu lote, mwanzo hadi mwisho, na nililiona mimi. Njiani nilikuwa nimepanga jinsi nitakavyomweleza Mzee asubuhi, juu ya gunia lake, taratibu, nimwone akisahau chai. Lakini nilifika nikamkuta Zuwena kapika wali, kaniwekea maji ya kuoga, kakaa na uso wa mtu aliyesoma siku nzima bila kupata kitu, na kabla sijavua viatu nilikuwa nimemwambia kila kitu. Ndivyo urafiki unavyokuponza. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga kofi paja lake, akasema, "Domi, basi kazi iko pande mbili." Na kweli zilikuwa mbili. Upande wa kwanza: tukituma arifa, kampuni ya kivinjari inatujibu kuhusu kila tokeni, hii imepokelewa, hii haijulikani tena. Majibu hayo tulikuwa tunayatupa bila kuyasoma. Ilibidi tuyasome na tokeni iliyokufa tuifute siku hiyohiyo. Upande wa pili: kila mtu akifungua tovuti, simu yake iulizwe tokeni aliyonayo leo, ilinganishwe na tuliyohifadhi, ikiwa tofauti, ya zamani itoke, mpya iingie, na lile neno la "umeshajiandikisha" lisimtokee mtu ambaye mlango wake haupo. Tukagawana. Mimi nikachukua kufuta, kwa kuwa nilidhani ndiyo kazi ngumu. Zuwena akachukua kulinganisha.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Kazi yangu iliisha kwanza, tukaiwasha, na tokeni zilizokufa zikaanza kuanguka. Mzee Sudi alikuja na chai yake akaketi, akatazama kwenye kioo ile idadi ya wakulima wetu aliyokuwa anajisifia msikitini, na mbele ya macho yake ikapungua, ikapungua tena, mpaka ikawa kama shamba lililopitiwa na ng'ombe. "Domitila," alisema kwa sauti ndogo, "umewapeleka wapi watu wangu?" Nikamweleza kwamba hawakuwepo tangu zamani, kwamba hii ndiyo hesabu ya kweli. Alinisikiliza. Lakini nani anampenda anayekuletea hesabu ya kweli? Siku chache baadaye kazi ya Zuwena ikawashwa. Tulitangaza redioni kwamba kila kikundi kifungue tovuti mara moja, na idadi ikaanza kupanda, na kila iliyopanda ilikuwa hai. Mama Elizabeti alirudi. Nyakitonto wote wakarudi. Lori lilipokwenda tena Heru Juu lilijaa mpaka dereva akaomba msaada wa kufunga turubai. Mimi nilikuwa nimeondoa na Zuwena ameleta, na hata mtu mwenye akili timamu akitazama kutoka mlangoni angesema nani kafanya kazi. Mfagio hausifiwi, husifiwa mkeka uliotandikwa juu ya sakafu safi. Nilikuwa na hasira hiyo kooni kama mwiba wa mgebuka.

Ijumaa moja baada ya chakula Mzee alinawa, akafuta ndevu, akasema kwamba ofisi ya Kibondo imepatikana na Zuwena ataiendesha. Alisema akitazama kitambaa chake cha mikono. Bi Hadija alipiga kigelegele kutoka jikoni. Zuwena alinitazama mimi kwanza, kabla ya mtu yeyote, na macho yake yalijaa machozi, na mimi nikamkumbatia nikamwambia hongera shoga yangu. Sikuuliza sababu. Nilijua sababu. Nilikuwa nimeijua mwaka mzima.

Nilimsindikiza Kibondo, kwa kuwa nisingemsindikiza watu wangeona. Chumba chenyewe kilikuwa juu ya ofisi, kimepakwa chokaa mpya, na kina madirisha mawili, moja likitazama barabara na jingine likitazama milima ya upande wa Burundi, ambako mwaka ule watu walikuwa wanavuka kuja kwetu na mizigo vichwani. Nilimsaidia kutandika kitanda. Nikaning'iniza mapazia. Mama mmoja aliyeishi chini akatuletea mihogo ya kuchemsha na chai, akamuuliza Zuwena jina, na kabla hatujamaliza chai alikuwa anamwita "binti yangu." Mapazia yalikuwa ya kijani, rangi ninayoipenda mimi. Nikasema yamekaa vizuri. Kwenye gari la kurudi nililia waziwazi hadi jirani yangu wa kiti akanipa kanga yake nijifute, akidhani nimefiwa.

Nilibaki Kasulu miezi iliyosalia ya mwaka, na chumba kile chenye meza mbili kikawa changu peke yangu. Mzee Sudi hakuacha kuja na chai. Alikuja zaidi. Alikaa juu ya gunia akaniuliza kuhusu bei, kuhusu waziri fulani, kuhusu kama ni kweli maji ya moto yanaharibu tangawizi, na mimi nikamjibu kwa ukali kuliko zamani, kwa kuwa sikuona tena faida ya kujibu vizuri. Akacheka vilevile. Mwaka ulipokwisha nikamwambia nimepata kazi Kigoma. Aliinua kikombe, akakishusha bila kunywa.

"Haya, mama," akasema. "Na chai nitanywea wapi?"

Nilidhani ni mzaha. Nikasema atainywea Kibondo. Akacheka, na tangu siku ile nilimwona mara mbili tatu tu, kwa haraka, dukani, nikiwa na safari.

Sasa turudi msibani. Vitunguu vilikuwa vimebaki nusu sinia nilipoitwa ndani. Bi Hadija alikuwa amekaa juu ya godoro chini, kajitanda nguo nyeupe, amekonda, na Zuwena kakaa miguuni pake akimkanda miguu. Nikapiga magoti nikampa mkono. Akaushika akakataa kuuachia.

"Domi. Mbona hukuingia tangu asubuhi? Nilidhani hukuja."

"Nilikuwa kwenye vitunguu, mama."

"Vitunguu," alisema, na akacheka kicheko kilichogeuka kilio katikati, halafu kikarudi kuwa kicheko. "Ungemwona Mzee ulipoondoka. Alikuwa anachukua kikombe chake anakwenda kukaa kwenye lile gunia, chumba kitupu, anakunywa, anarudi. Nikamwambia, baba, si ungempeleka Domi Kibondo tu, akabaki kwetu? Mwaka ule nilimwambia, kazi hii kaivumbua Domi, mpe yeye. Akakataa. Akasema, Zuwena popote ataishi, watu watampenda, huyo naweza kumwachia aende nikapata mwingine. Domi nikimpeleka Kibondo atakayenigombeza nani? Basi akakung'ang'ania, na kwa kukung'ang'ania akakupoteza." Akanipiga piga mkononi. Hakuwa na nia ya kumuumiza mtu. Alikuwa mjane anayemkumbuka mumewe, na maneno yalimtoka kama yalivyokuja.

Neno lile nililihitaji Ijumaa ile, mbele ya sahani ya migebuka. Lingenifikia wakati ule lingenibakisha Kasulu maisha yangu yote. Sasa lilikuwa limenikuta na mvi, na aliyelisema hakuwepo tena nimgombeze kwa kuchelewa. Nililia, kwa mara ya kwanza tangu nifike, bila vitunguu. Na nilipoinua uso nikamwona Zuwena. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya miguu ya Bi Hadija. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa limebaki peke yake usoni, na nikautambua uso ule mara moja, kwa sababu niliuvaa mimi mwaka mzima. Sitajifanya mtu mwema. Niliufurahia. Niliutazama kwa raha, kama mtu anayeota moto, kwa muda ambao haukuwa mfupi.

Kisha nikamwambia, "Njoo unisaidie vitunguu, nimeachiwa peke yangu."

Alinifuata uani, akavuta kigoda, akachukua kisu. Tulimenya. Jikoni mchele ulikuwa unaoshwa kwa pilau ya jioni.

"Miaka yote hii," alisema mwishowe bila kuinua macho, "nilijua alinichagua mimi."

"Hata mimi," nikamjibu. "Miaka yote hii nilijua alikuchagua wewe."